Mimba ya Mume Wangu

Mume wangu aliuacha moto msimu wa maembe. Alirudi mchana kutoka skuli alikofundisha, akavua viatu, akainua kawa nililomfunikia wali na mchuzi wa samaki changu, akautazama kwa huzuni kama mtu aliyeonyeshwa picha ya marehemu. Kisha akaniambia kwa upole kwamba tangu siku ile hatakula tena kitu chochote kilichopita jikoni. Moto unakiua chakula, alisema. Karoti mbichi iko hai. Ukishaichemsha umepika maiti. Yeye hakutaka tumbo lake liwe makaburi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndoa yetu ilikuwa changa, lakini nilishamjua kuwa ni mtu wa kuamua mambo. Aliwahi kuamua kulala bila mto. Aliwahi kuamua kujifunza Kifaransa kwa redio, na kwa muda tukawa tunaamkiana kwa maneno ambayo Mfaransa yeyote angedhani ni ugonjwa wa koo. Maamuzi yake yalikuwa na tabia ya kufa yenyewe mwezi ukiandama. Kwa hiyo nikala wali wangu, nikala na wake, nikangojea Ijumaa, kwa sababu Ijumaa nilikuwa nikipika pilau, na hakuna mwanamume niliyemjua aliyewahi kuishinda harufu ya pilau kwa hoja.

Ijumaa ikaja, pilau ikaiva, na mume wangu akakaa dirishani akitafuna tango.

Tulikuwa tukikaa Mji Mkongwe, ghorofa ya juu ya nyumba kubwa ambayo baada ya Mapinduzi iligawiwa familia kadhaa. Chumba chetu zamani kilikuwa sebule ya watu wenye nafasi. Dari lake lilikuwa juu sana, hata mtu akipiga chafya mwangwi ulimjibu kabla hajamaliza kusema alhamdulillahi. Ndani ya ukubwa huo tulikuwa na kitanda kimoja kilichosukumwa ukutani, meza ya taipureta yangu, na sanduku la nguo za harusi. Jiko lilikuwa chini uani, tukitumia pamoja na jirani yetu, mama mtu mzima mzaliwa wa Tumbatu, ambaye mumewe alikuwa baharia na hakukaa nyumbani. Mama huyu aliweza kukwambia kwa harufu tu nyumba ipi imepika nini mpaka kwenye kona ya mtaa. Mimi aliniita "bi harusi", ingawa hina yangu ilikuwa imeshafutika zamani.

Mwanzoni nilimsaidia mume wangu kama mtu anayependa, yaani bila akili. Asubuhi nilikwenda Marikiti kununua matango na embe mbichi. Nilimenya mihogo, nilivunja nazi. Sote tunakula mhogo mbichi kwa nazi, na embe mbichi kwa chumvi na pilipili, lakini tunavila vitu hivyo huku tukingoja chakula. Mume wangu alikuwa hangoji chochote. Alivila kwa heshima kamili, amekaa kitako mkekani, amenawa mikono, amesema bismillahi, halafu kra, kra, kra. Dari lile likaikuza sauti. Waliopita chini walidhani tunafuga mbuzi ghorofani.

Miaka ile mchele ulipatikana kwa foleni, na wapo waliomsifu. Walisema mwalimu yule ana akili, ameacha kukitaka kitu kabla hakijakosekana.

Kisha zikaja choroko. Alizirowesha ili ziote, na kuota kulihitaji kitambaa chenye unyevu na mahali penye giza. Katika chumba chetu mahali penye giza palikuwa ndani ya sanduku la nguo za harusi. Siku nilipolifungua kutafuta kanga ya kuendea shughuli, nilikuta shamba. Choroko zilikuwa zimeota kwenye leso zake, zimeota ndani ya soksi, na juu ya kanzu aliyonioa nayo zilikuwa zimesimama safu kwa safu, kijani chepesi kizuri kiasi kwamba mimi, kwa kuwa ni mwandishi, nilisimama kwanza nikakisifu ndipo nikapiga kelele.

Wakati huo nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza. Nilikuwa mmoja wa vijana waliokutana kila Alhamisi alasiri katika darasa tupu kusomeana walichoandika, na tuliamini kwa dhati kabisa kwamba Kiswahili kilikuwa kikitungoja sisi. Niliwaeleza wenzangu mambo ya nyumbani kwangu, wakayapokea kama watu wa fasihi. Mmoja, mshairi, alisema mume wangu anapigana na nafsi yake na kwamba hilo ni jambo tukufu. Mwingine alisema ule ni mgomo. Wa tatu aliomba ruhusa aitumie habari ile katika tamthilia yake, na akataka kujua kama choroko zinaweza kuota jukwaani. Hakuna aliyesema kwamba yule mtu huenda anaumwa. Nami nilirudi nyumbani nimefurahi kwamba nimeolewa na mtu mwenye maana nyingi.

Ajabu ni kwamba riwaya yenyewe ilijaa chakula. Sikukusudia. Nilikaa kuandika mapenzi, na vidole vikaniandikia samaki wa kupaka. Jioni mume wangu alizisoma kurasa nilizopiga chapa mchana, na zile zenye chakula alizirudia, akizisogeza karibu na taa.

"Huyu mama anatia tui zito lini?" aliniuliza siku moja.

Nikamwambia sijui, hii ni riwaya.

"Ukilitia mapema hivi litakatika," akasema. Akachukua kalamu akasahihisha. Akaongeza bizari. Akaongeza ndimu. Binti shujaa wa riwaya, niliyekuwa nimekusudia afe kwa huba na kukosa hamu ya kula, akampa kipande cha pili cha samaki na mkate wa kumimina. Katika mikono ya mume wangu wahusika wangu wote walinenepa.

Mimi nilikuwa nikila uani kwa jirani, kwa kujificha, kama mtu mzima anayekula pipi. Nikipanda juu, mume wangu aliushika mkono wangu, akauweka karibu na uso wake, akauacha hapo muda mrefu amefumba macho. Nilidhani ni mapenzi. Niliandika sura nzima juu ya mkono ule. Mpaka siku moja, macho bado yamefumbwa, akaniuliza:

"Dagaa au nguru?"

"Nguru," nikajibu, nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Hapo ndipo kicheko changu kilipoanza kuwa na mchanga ndani. Maana mtu aliyesema hataki kilichopikwa alikuwa sasa anavifukuza hata vile vibichi, kimoja baada ya kimoja. Nazi iliondoka kwa kuwa ni nzito. Ndizi iliondoka kwa kuwa ni tamu mno, na utamu, alisema, unamzoesha mtu vibaya. Papai lilishitakiwa kuwa ni laini kama kitu kilichopikwa. Pengine jua limelipika kwa siri. Nalo likatoka. Zikabaki karoti, matango, choroko na embe mbichi, na hizo pia alizitazama kwa jicho la hakimu. Suruali alizifunga kwa kamba. Wanafunzi wake walimpa jina la Chaki. Katika joto la kaskazi, watu wakijipepea kwa chochote kinachopepea, yeye alivaa sweta. Akipanda ngazi zetu alisimama katikati na kuukazia macho ukuta, kama anasoma maandishi, na ukuta ule haukuwa na herufi hata moja.

Nikajaribu hila. Nilichemsha karoti kidogo tu, moto ukaipitia kama salamu, nikaiacha ipoe, nikaipanga sahani moja na zile mbichi. Aliitafuna mara moja, akaitoa mdomoni, akaiweka pembeni kwa adabu.

"Hii imekwenda hamamu kuoga maji moto," akasema.

Tangu hapo hakula tena kitu kilichotoka mkononi mwangu. Alimenya mwenyewe, akakagua mwenyewe, kama afisa wa forodha. Nikimsihi, anakula kidogo zaidi ya jana, yaani kidogo kuliko jana. Nikinuna, anasema ameshiba. Nikilia, ananibembeleza vizuri kabisa na halii wala hali. Nilianza kuogopa kwamba mume wangu ataisha hivi hivi mbele ya macho yangu, na kwamba kila ninachofanya kinamsukuma.

Kisha mtaa ukagundua. Bahati mbaya, mtaa uligundua kitu kingine.

Jirani yetu alikuwa amejumlisha. Katika nyumba ya ndoa changa, mke anakula sana uani. Mume ananunua embe mbichi kila siku, na matango. Vitu vikali na vibichi katika nyumba ya namna hiyo vina maelezo mamoja tu duniani. Kilichomtatiza ni kwamba aliyekuwa akivila siye mke. Alifikiri siku kadhaa, na alipopata jibu alilipata lote kwa pamoja: mimba ni yangu, lakini imemwelemea mume wangu. Mambo hayo yanajulikana. Kila ukoo una mwanamume mmoja aliyetapika miezi yote huku mkewe akiuza vitumbua, mzima kama kigingi.

Nilikanusha. Lakini kwetu mwanamke mwenye mimba changa hukanusha, kwa kuogopa kijicho. Asipokanusha ndipo watu wanaposhangaa. Kila nilivyoapa kwamba sina kitu tumboni ila mchuzi wake wa nguru, ndivyo jirani alivyonitazama kwa huruma na kuniambia kwamba ndivyo hasa, niendelee hivyo hivyo, nisimwambie mtu. Halafu yeye akawaambia watu wote.

Na mwenye tamaa ya mimba hanyimwi. Ukimnyima, mtoto atazaliwa na alama, na nani anataka alama ya mtoto wa watu imuandame? Tulikuwa na kikapu tulichokiteremsha dirishani kwa kamba kununua vitu kwa wapita njia. Sasa kila tulipokivuta kilikuwa kimeshajazwa embe mbichi, pakiti ya chumvi na pilipili juu yake. Waliotia walikuwa wameshapita, wakitabasamu. Mtaa mzima ulikuwa ukimsaidia mume wangu kufa na njaa, kwa nia safi kabisa. Yeye mwenyewe alichomoza kichwa dirishani na kuwashukuru. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuona watu wanaompa chakula bila kumwomba ale kingine.

Habari zilifika Jambiani, na kutoka Jambiani akaja shangazi yake aliyemlea. Alikuwa mwanamke mpana, mikono yake imekomaa kwa kusokota kamba za makumbi ya nazi tangu usichana, na aliingia chumbani kwetu na kuku wawili wazima, mmoja kila mkono. Mume wangu aliwatazama kuku wale kama wenzake. Nao walikuwa hawajapikwa.

"Shikamoo shangazi," nikasema.

"Marahaba mkaza mwanangu. Kaa hapa nikuulize." Akawafunga kuku kwenye miguu ya meza ya taipureta. "Kitandani unalala upande gani?"

"Wa ukutani."

"Na alfajiri ukiamka, unapitia wapi?"

Nikaona kwamba nimeshaingia mtegoni. Kitanda kilikuwa kimebanwa na ukuta na sanduku. Njia nyingine haikuwapo. "Juu yake," nikasema.

"Na yeye yumo, kalala."

"Yumo."

Shangazi akamgeukia jirani, ambaye alikuwa amepanda kuleta chai na hakuonyesha dalili ya kushuka. "Nshaiona," akamwambia. "Anamruka mwanangu kila alfajiri, kama kizingiti."

Jirani akashika kichwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisikia jambo hilo tangu utoto: mwenye mimba akimruka mumewe aliyelala, mashaka ya mimba humhamia mume. Sikuwahi kudhani lingekuja kunihusu, hasa bila mimba. Dawa yake, alieleza shangazi, ni kurudisha. Mke alale chini, mume amruke mbele ya mashahidi, na kila mtu atabaki na kilicho chake.

Nilimwambia kwa adabu zote kwamba mimi sina mimba.

"Utaionaje na imo kwake?" akasema. "Akiruka, utaiona."

Nilitegemea mume wangu, mwalimu wa hesabu, asimame akatae. Hakukataa. Alikuwa amechoka, na alimpenda shangazi yake, na nadhani alitaka mtu mmoja duniani aondoke akiwa ameridhika naye. Mimi nami nikajiambia kwamba akishatangazwa amepona, shangazi atamtaka ale kama mtu aliyepona. Basi nikatandika mkeka katikati ya chumba, nikajifunga kanga vizuri, nikalala chali nikitazama lile dari la mbali. Kuku walilalamika chini ya meza. Shangazi akasoma alichokisoma. Jirani akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, shahidi.

Mume wangu alikunja suruali. Alirudi nyuma mpaka dirishani. Kumruka mke aliyelala si kazi kubwa. Mfereji wa mvua katika vichochoro vyetu ni mpana kuliko mimi. Akaja mbio, kama mbio za mtu anayekwenda kufunga mlango. Akainua mguu. Mguu ukapanda mpaka usawa wa goti langu, ukasita, ukafikiri, na mwili uliobaki ukaendelea na safari bila huo mguu. Akaniangukia.

Jirani alicheka mpaka chai ikamwagika. Shangazi alicheka. Mimi, chini yake, nilicheka vile vile, kisha nikanyamaza. Nilikuwa nimejikaza kupokea uzito wa mwanamume, na uzito haukuja. Alikuwa juu yangu kama kanga iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Kupitia sweta niliusikia moyo wake ukigonga polepole mno, kama mtu anayebisha hodi nyumba anayodhani haina watu.

"Siwezi kuinuka," akaninong'oneza sikioni.

Shangazi alikuja kumwinua. Alimtia mkono mmoja kifuani, akitegemea kumvuta mtu mzima, akamnyanyua mzobemzobe kama furushi la makumbi makavu, karibu amrushe. Kicheko kikamtoka usoni. Alimkalisha kitandani, akampapasa mabega, akampapasa mgongo, akashuka nao mfupa kwa mfupa.

"Huyu hana mimba," akasema. "Huyu ana njaa."

Jirani akaanza kusema kwamba lakini embe.

"Embe zenu kuleni wenyewe," shangazi akamjibu.

Kesho yake tulimpeleka hospitali, shangazi upande mmoja na mimi mwingine, na jirani nyuma yetu kwa aibu. Daktari alikuwa mgeni kutoka nchi ya mbali, na alizungumza kupitia mkalimani. Alimsikiliza mume wangu kifua muda mrefu, akamtazama kucha, akamtazama macho, kisha akatoa maneno mengi kwa sauti ya chini.

"Anasema ule," mkalimani akatafsiri.

Mume wangu akauliza mbona daktari amesema mengi hivyo.

"Mengine ni namna mbalimbali za kusema ule," mkalimani akasema. Kisha akaona nyuso zetu, akaacha mzaha. "Anasema moyo umechoka. Anasema uanze kidogo kidogo, vitu laini, na urudi kila wiki akuone. Ukizidi kupungua hatakuruhusu kurudi nyumbani."

Shangazi alipika uji wa mchele siku ile ile, mwepesi, wenye tui na hiliki, akaupandisha juu. Mume wangu alikaa mbele ya bakuli mikono imo mapajani. Mvuke ukapanda mpaka ukaisha. Sote watatu tulikuwa tumemkodolea macho kama watu wanaongoja mwezi wa Idi.

"Nnaogopa," akasema.

Hakuwahi kusema neno hilo. Alikuwa amesema mengi juu ya moto na uhai wa karoti, lakini hilo hakuwahi kulisema. Akaendelea, akiitazama bakuli, kwamba akiona chombo kimejaa anahisi kama mtu anataka kumzamisha. Kutwa nzima wengine wanaamua: afundishe nini, tukae wapi, mchele uje lini. Mdomo wake ndio mlango pekee ambao ufunguo anao yeye, na sasa ameufunga mpaka yeye mwenyewe hajui kuufungua. Alisema vibichi havikuwa na kosa lolote. Alivishika tu kwa sababu vilimpa la kusema.

Shangazi alifikiri, akakohoa, akaanza kama anayepatana bei ya kamba.

"Wewe ugomvi wako ni na moto?"

"Ndiyo."

"Tia kidole humo ndani."

Akatia.

"Moto umeuona?"

"Sijauona. Umepoa."

"Basi kenda zake. Kaja, kafanya kazi, kaondoka. Hapo ulipo huna ugomvi na mtu."

Nilimwona mume wangu akiichunguza hoja ile upande huu na upande huu, kama anavyochunguza jibu la mwanafunzi mjanja, akitafuta lilipo kosa. Kosa lilikuwapo, kubwa kama mlango wa nyumba. Lakini nadhani alikuwa akitafuta mtu wa kumpa njia ya kushindwa bila fedheha.

"Msinitazame," akasema.

Tukageuka. Wanawake watatu wazima tulisimama katikati ya sebule ile tumekabili ukuta, shangazi, mimi na jirani wa Tumbatu, na nyuma yetu tukasikia kijiko kikigusa bakuli. Kikanyamaza. Kikagusa tena. Jirani alianza kutikisika mabega kwa kicheko au kwa kilio, sikujua, na shangazi akamfinya. Alikula kidogo sana, kiasi ambacho mama yeyote angeona aibu kumwekea mtoto. Shangazi alikibeba kilichobaki bila kusema ongeza, na akapiga marufuku neno hilo lisisikike tena ghorofani.

Ndivyo tulivyoingia katika maisha ya vitu baridi. Masharti yakawa hayo: kipikwe, lakini moto wote uondoke kwanza, mtu asimtazame, mtu asimsifu. Nilikula naye, mgongo kwa mgongo, kwa sababu niliona si haki mtu apambane na wali baridi peke yake. Nilikula ugali uliokaza kama kizibo. Nilikula chapati zilizokauka hata ungeweza kuandikia juu yake, na mchuzi wa kuku mwenye tabaka la mafuta meupe juu, maana mmoja wa wale kuku alipikwa siku hiyo ya uji. Mwingine alikuwa ametaga kwenye karatasi zangu, tukaona haya kumchinja, akaishi ngazini. Jirani aliteseka kuliko sote. Kwake kumpa mtu chakula kilichopoa ni sawa na kumtukana, na kila siku alitazama sufuria zetu zikipoa uani, akijizuia kwa nguvu zote asizipashe.

Haikwenda moja kwa moja. Zilikuwapo siku za tango tupu, na siku alizokaa na sahani mpaka nzi wakaichoka. Siku hizo nilijifunza kuuliza habari za skuli, na kusikiliza jibu. Kila wiki tulikwenda kwa daktari, mkalimani akatupa sentensi fupi, na mwisho akatupa na tabasamu. Papai lilirudi kutoka uhamishoni. Baada yake ndizi, kisha nazi. Shangazi alirudi Jambiani, akawa anatuma salamu tu, wala hakuuliza amekula nini.

Masika ilipoanza, alirudi mchana mmoja ameloa mpaka sweta. Nilikuwa nimepika asubuhi, wali na nguru wa kupaka, vikapoa kama desturi. Nikamwekea, nikachukua changu, nikamgeuzia mgongo. Nilimsikia akinawa. Sikusikia sahani ikiguswa, nikaukazia macho ukuta, nikijisemea kwamba ni siku ya tango, basi, si neno, ziko siku nyingine.

"Mke wangu."

"Naam."

"Wali huu umepoa."

Nikamwambia ndiyo, umepoa, tangu asubuhi.

"Upashe basi. Na huyu samaki. Nani anakula samaki wa kupaka wa baridi?"

Nilishuka ngazi na sufuria mbili, nusura nimkanyage kuku. Seredani yetu ya makaa ilikuwa imezimika zamani. Nikamwomba jirani kaa la moto, naye akauliza moto wa nini saa hizi, na sisi vyetu tunavipenda vikiwa maiti.

"Mume wangu anataka cha moto."

Akaweka mwiko chini. Akanitazama usoni, akanitazama tumbo, akaelekeza macho mbinguni.

"Sasa ndiyo imehama," akasema.

Nilikuwa nimefungua mdomo kukanusha, sauti ikatoka juu dirishani, sauti ya mwalimu aliyezoea wa nyuma darasani wamsikie, ikauliza kama bado tu. Sote wawili tukainua vichwa. Hatukuwahi kumsikia akiita chakula.

"Kinakuja," nikamjibu, nikainama kupuliza makaa.